Mumeo anasema umeolewa na vitabu?

Mwezi huu niliahidi tuendelee na mada yetu ya nyumba ndogo, lakini naomba uniwie radhi, nimeiweka pembeni. Kuna barua imenikaa kichwani tangu niisome na naona nikichelewa kuijibu, mwenye barua atakuwa ameshaharibikiwa.

Imetoka Tabora. Aliyeandika ni mama wa watoto watatu mwenye miaka 31, anaishi Isevya na ana genge la mboga na dagaa mbele ya nyumba. Jina ameomba nilihifadhi. Anasema aliacha shule akiwa kidato cha pili kwa sababu ya ujauzito. Enzi zile, msichana akishika mimba ndiyo basi tena, anafunga begi. Mlango wa kurudi darasani ulikuja kufunguliwa rasmi na serikali Novemba 2021, na yeye wakati huo alikuwa tayari mke wa mtu mwenye familia ya kulisha. Hakukata tamaa. Amejisomea kwa kuungaunga mpaka akafaulu mtihani wa maarifa, ule tunaouita QT, na Novemba hii anakaa kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Mtoto wake wa kwanza yuko kidato cha pili, yaani pale pale mama alipoishia. Nyumba moja ina wanafunzi wawili wa sekondari wanaogombea kalamu!

Sasa kasheshe iko hapa. Anafunga genge saa mbili usiku, anapika, analisha, anaosha vyombo, halafu saa nne ndiyo anakaa na daftari. Anasoma mpaka saa saba, saa nyingine saa nane. Anasema anasoma ukurasa mmoja wa Biolojia mara tano na akifunga kitabu hakumbuki hata kichwa cha habari. Simu iko pembeni, kikundi cha kikoba kinapiga makelele, anachungulia kidogo, akirudi kitabuni ameshapotea. Wiki mbili zilizopita alisinzia mezani, asubuhi watoto wakachelewa shule. Na Baba Watoto ndiyo amechoka kabisa. Anasema mkewe siku hizi ameolewa na vitabu, kitandani anaingia kama mgeni, na ametoa onyo kwamba Novemba ikipita bila cheti, vitabu vyote atampelekea mama muuza maandazi wa pale kona afungie wateja.

Huyu mama anauliza: nifanye nini nitulie na masomo, nifaulu, na nyumba yangu isivunjike?

Mwangaluka, mayu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na nakujibu huku nikiwajibu wengine wengi wanaosoma wakiwa watu wazima: wa Chuo Kikuu Huria, walimu wanaojiendeleza, askari, wauguzi, na dada zangu wanaosoma jioni baada ya kazi. Kwanza nikutoe hofu. Tatizo lako si akili. Mtu asiye na akili hawezi kufaulu QT huku anauza dagaa. Tatizo lako ni kwamba masomo unayapa makombo. Siku nzima watu wote wanachukua fungu lao kwako, mteja, mtoto, mume, mawifi, kikoba, na kinachobaki saa nne usiku, wakati mwili umeshakufa, ndicho unakipa kitabu. Na kwa sababu saa yenyewe hakuna aliyeambiwa kuwa ni yako, kila mtu anaona umemwibia yeye. Ndiyo maana unapoteza kotekote. Kitabu hakiingii, na mume naye ana kinyongo.

MISAFARA ILITEMBEA ALFAJIRI

Wewe unaishi Tabora, mji ambao ulikuwa kituo kikuu cha njia ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji. Nadhani wengi wetu tukiisoma historia ile shuleni tunakariri tu majina na kuacha kitu cha maana kuliko vyote, namna watu wale walivyotembea. Kutoka pwani hadi Unyanyembe ni kilomita zipatazo 800 kwa miguu. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba mzigo wa farasila mbili hivi, kama kilo 32, begani. Na tusisahau kwamba wanawake nao walikuwemo misafarani, wengine na masufuria kichwani na mtoto mgongoni. Hivi unadhani walifika kwa kukimbia siku moja na kuzimia siku ya pili?

Walikuwa na utaratibu. Msafara uliondoka alfajiri, kukiwa bado na ubaridi, kirangozi akiwa mbele. Walitembea saa chache, jua likianza kuchoma wanatua kambi. Mchana ni wa kupika, kupumzika, kutengeneza mizigo, kubadilishana habari. Kesho tena alfajiri. Kipande kwa kipande, kituo kwa kituo, miezi miwili, miezi mitatu, wamefika. Anayebeba kilo 32 anajua kwamba nguvu ya asubuhi na nguvu ya jioni si nguvu moja.

Dada yangu, nakuomba uhamishe masomo yako kutoka usiku wa manane. Saa nne usiku ulale. Amka saa kumi na nusu alfajiri, nawa uso, kunywa maji au chai ya jana kwenye chupa, soma hadi saa kumi na mbili kasoro robo, ndipo uamshe watoto. Ni saa moja na robo tu, najua, wewe umezoea kujihesabia saa nne kila usiku. Lakini hizo saa nne ni za kusinzia. Saa moja na robo ya kichwa kilicholala vizuri itakupa zaidi, na usingizi wenyewe ni sehemu ya kusoma, kwa maana ubongo unapanga na kushika ulichojifunza wakati umelala. Mtu anayekesha kila siku ni kama anayechota maji kwa tenga.

Siku unazokwenda sokoni mapema kuchukua mboga, usisome alfajiri. Ziache. Siku nne kwa wiki zinatosha kuanzia, mradi ziwe zile zile, ili mwili uzoee na watu wa nyumbani wazoee. Kazi kubwa ya tabia ni kukuondolea yale majadiliano ya kila siku, nisome sasa au baadaye, leo au kesho. Msafara ukishazoea kuondoka alfajiri hakuna anayeuliza tunaondoka saa ngapi.

Lakini kuna siku za dharura. Misafara nayo ilikuwa nazo, na ilikuwa na jina lake. Palipokuwa na nyika ndefu isiyo na maji, watu walipika na kunywa asubuhi, wakajaza vibuyu, wakaondoka adhuhuri, wakatembea hadi giza, wakalala porini pakavu, na alfajiri wakamalizia kipande kilichobaki mpaka kwenye maji. Mwendo huo waliuita terekeza. Haukuwa mwendo wa kila siku, ulikuwa wa siku maalumu na ulitayarishwa. Kwako wewe, nyika kavu ni wiki yenye msiba, au harusi ya wifi, au mtoto amelazwa Kitete. Ukijua wiki hiyo inakuja, ongeza kidogo siku mbili kabla, halafu beba kibuyu chako, kitu kidogo cha kusoma unapokaa kwenye benchi. Nitakwambia kibuyu chenyewe kinatengenezwaje.

ROBO SAA YA BURTON

Kwenye njia hiyo hiyo alipita Mwingereza mmoja, Richard Burton. Alifika Kazeh, ambayo ndiyo Tabora ya leo, Novemba 1857, baada ya siku 134 njiani kutoka pwani. Mwaka uliofuata, mwenzake Speke alipokwenda kaskazini kuliona ziwa, Burton alibaki hapo Kazeh akikusanya maneno ya lugha za wenyeji. Sina sababu ya kumpamba. Aliandika mengi ya kutudharau na ukiyasoma leo unakunja uso. Lakini kwenye kujifunza lugha mzee yule alikuwa hatari, anatajwa kuwa alijua lugha zaidi ya 20, na namna yake ya kujifunza aliieleza mwenyewe.

Alichukua maneno ya lazima tu, akayabeba mfukoni, na kuyapitia kila alipopata upenyo mchana. Hakukaa na somo zaidi ya robo saa kwa mkupuo mmoja, kwa sababu aliona baada ya hapo kichwa kinapoteza wepesi wake. Wiki moja ilimtosha kushika maneno kama 300, halafu ndipo anaingia kwenye kitabu chepesi na kupigia mstari yale anayotaka kuyakumbuka, ayarudie kila siku.

Umeona? Mfukoni, robo saa, kurudia. Hicho ndicho kibuyu chako. Chukua daftari dogo lile la kuandikia madeni ya genge, upande mmoja wa karatasi andika swali, upande wa pili jibu. Tofauti ya mshipa na ateri. Sababu za Vita vya Majimaji. Kanuni ya eneo la pembetatu. Wateja wakipungua saa nane mchana, unapitia matano. Kwenye bodaboda, matatu. Hakuna atakayekuambia umehamia kwenye vitabu kwa sababu hakuna atakayejua kama unasoma, watadhani unahesabu nani hajalipa nyanya.

Na ile alfajiri yako usiisome kwa mstari mmoja bila kupumua. Kuna Mtaliano anaitwa Francesco Cirillo ambaye akiwa mwanafunzi mwishoni mwa miaka ya 1980 alikuwa na ugonjwa kama wako, anakaa na kitabu lakini hasomi. Akachukua saa ya jikoni yenye umbo la nyanya, akajiwekea muda mfupi wa kusoma bila kugusa kitu kingine mpaka ilie. Baadaye ikawa dakika 25 za kusoma na tano za kupumzika, na leo dunia nzima inaijua kwa jina la nyanya kwa Kitaliano, pomodoro. Wewe unauza nyanya, kwa hiyo sidhani kama utaisahau! Dakika 25 Biolojia, tano unawasha jiko, 25 Hisabati, tano unachemsha maji, na robo saa ya mwisho unajiuliza maswali ya jana. Kazi za nyumbani ambazo ulikuwa unaziona adui zinakuwa ndiyo mapumziko.

Halafu simu. Hapa sitaki mjadala. Wakati wa kusoma simu ilale chumba kingine, au kwenye kabati la vyombo. Usiniambie unaiweka kimya. Simu iliyo kimya mezani bado inakuita, unaitazama tu bila hata kujua umeitazama. Kama unaitumia kujisomea, na kuna mengi mazuri humo, ipangie siku yake. Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada. Baraza la Mitihani, NECTA, linatoa kwenye tovuti yake ripoti za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, somo kwa somo, zinazoeleza swali lilitaka nini na watu walikosea wapi. Nashangaa wanafunzi wengi hawazijui. Kwa mtu anayejisomea bila mwalimu, ripoti ile ni kama kukaa nyuma ya mgongo wa msahihishaji. Pakua Jumamosi, nakili maswali kwenye daftari, simu irudi kabatini.

UNASOMA AU UNAANGALIA?

Hili la kusoma ukurasa mara tano nataka nilikazie kidogo, maana ndilo linawamaliza wengi. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, waliwapa wanafunzi maandishi ya kusoma. Kundi moja liliyasoma na kuyarudia kwa vipindi vinne. Kundi lingine lilisoma kipindi kimoja tu, halafu vipindi vitatu likafunikiwa maandishi na kuambiwa liandike linachokumbuka. Walipopimwa baada ya dakika tano, waliorudiarudia kusoma ndio walioongoza, asilimia 83 kwa 71. Bila shaka wakaenda zao wanajisifu. Walipopimwa baada ya wiki moja mambo yakageuka. Waliorudiarudia kusoma walikumbuka asilimia 40, wale waliojilazimisha kukumbuka wakapata 61.

Ndiyo ujue kwamba kurudia kusoma kunakudanganya. Maneno unayazoea kwa macho, unajiona umeelewa, kumbe unayatambua tu kama unavyomtambua mtu wa mtaani ambaye hata jina lake hulijui. Siku ya mtihani hakuna atakayekuonyesha ukurasa akuulize kama umewahi kuuona. Kwa hiyo soma mara moja kwa makini, funika, sema kwa sauti au andika ulichokumbuka, funua uone ulichoacha. Itakuuma, utajiona mjinga. Vumilia, ule ugumu ndiyo kazi yenyewe inafanyika. Rudia kesho, rudia baada ya siku tatu, rudia baada ya wiki.

Na hapo ndipo ninapotaka kumwingiza shemeji yangu, Baba Watoto. Lakini subiri kwanza nikupe habari moja ya mapenzi, maana nisipoiandika wasomaji wangu watasema nimehamia wizara ya elimu.

MWALIMU NA MARIA

Wote tunajua Mwalimu Julius Nyerere alisoma Tabora Boys, aliingia 1937 na kumaliza 1942. Wengi hawakumbuki kwamba baada ya Makerere alirudi Tabora na kufundisha St. Mary's, shule ya Mapadri Weupe. Miaka ile alikuwa na mambo mengi kuliko wewe na genge lako. Anafundisha mchana, anawafundisha watu wazima wa mjini Kiingereza bila malipo, anashughulika na chama cha Waafrika, na kuna kipindi kifupi alikuwa mkaguzi wa bei anayeingia madukani kuangalia kama wenye maduka wanawaibia watu. Katikati ya yote hayo, Padri Richard Walsh, aliyekuwa mkuu wa shule, akamshauri afanye mtihani wa kuingia Chuo Kikuu cha London. Yaani alikuwa mtu mzima anayejisomea Tabora, baada ya kazi, kama wewe.

Januari 1948 akafaulu kwa daraja la pili. Ndiyo, la pili. Akaomba ufadhili, mara ya kwanza akakosa. Akaomba tena, akapata 1949.

Sasa hapo katikati kulikuwa na binti mwalimu, Maria Gabriel. Krismasi ya 1948 Julius akamposa, na miezi michache baadaye akapanda kwenda Edinburgh. Alirudi Oktoba 1952 na shahada yake, wakafunga ndoa 1953. Fikiria zaidi ya miaka mitatu ya uchumba wa barua, bila simu, bila picha za video. Mimi sisemi mumeo ni Maria wala wewe ni Mwalimu. Ninachokiona ni kwamba binti yule alijua mapema: mtu huyu anakwenda kusoma, anakwenda wapi, kwa ajili ya nini. Hakugundua mwenyewe usiku mmoja kwamba mwenzake amehama.

Je, wewe Baba Watoto ulimwambia? Barua yako ndefu lakini hilo sikuliona popote. Umeniambia ulijiandikisha, umeniambia ulilipa ada kwa hela ya kikoba, umeniambia alikuja kugundua alipoona vitabu. Ukweli niuseme, na usikasirike: mwanaume akigundua jambo la mkewe mwenyewe, hata liwe zuri namna gani, anaanza kujiuliza ni mangapi mengine hajui. Na kuna kitu kingine wanaume wengi hawatakisema hata uwabane kwa koleo. Anaogopa. Ukipata cheti utamwona wa nini? Utaajiriwa, utakutana na watu wenye tai, utaanza kumsahihisha Kiingereza mbele ya wageni. Utani wa maandazi una woga ndani yake.

Kwa hiyo mweleze. Usimweleze wakati wa ugomvi, wala akiwa ndiyo kwanza ameingia kutoka kazini na njaa. Chagua siku ametulia, ameshakula, watoto wamelala, mwite kwa lile jina unalomwitaga mkiwa wawili. Mwambie unaufanya mtihani huu kwa nini na cheti kikipatikana unafikiria nini. Mwombe radhi kwa kumficha, moja kwa moja, bila kuanza na "lakini na wewe". Halafu mpe ratiba, na uanze na fungu lake. Kuanzia sasa saa nne usiku kitabu kimefungwa, mama yupo chumbani, na usingizi ukimchukua ni wa kando yake. Ijumaa jioni hakuna masomo kabisa, ni yenu, hata kama ni kukaa nje tu na kutafuna karanga. Ukishampa hayo, ndipo umwombe ile saa moja na robo ya alfajiri, siku nne kwa wiki, mpaka Novemba. Mtu hanung'uniki akiombwa saa moja yenye mwanzo na mwisho. Hiyo ya kwako ya sasa haina mwanzo wala mwisho, ndiyo inamtisha.

Najua kuna wanaosoma hapa ambao waume zao hawasikii ratiba wala nini. Kama mtu anakupiga kwa sababu ya kitabu, au amechana vyeti vyako, hiyo si mada ya kupanga muda. Nenda kwa wazee waliowafungisha ndoa, nenda kwa mshenga, na ikishindikana nenda ustawi wa jamii au dawati la jinsia polisi. Usikae nalo peke yako ukidhani ukisoma kwa siri zaidi litaisha. Lakini mume wa dada huyu wa Isevya hajafika huko. Ameandika mwenyewe kwamba usiku ule alipolala mezani, aliamka na kukuta amefunikwa khanga na kitabu kimewekewa kijiti pale alipoishia. Dada yangu, watoto walikuwa wamelala. Nani mwingine aliweka kile kijiti?

Basi mpe kazi. Jumapili jioni, nusu saa, mkabidhi lile daftari dogo la maswali. Yeye asome swali, wewe ujibu, yeye ageuze karatasi aangalie. Hahitaji kujua Biolojia, jibu limeandikwa nyuma. Ukikosea aweke alama ya msalaba, na misalaba hiyo ndiyo utakayoanza nayo Jumatatu alfajiri. Kijana wenu wa kidato cha pili naye akae hapo, maswali mengine yanamhusu, na atafurahi kumshinda mama yake. Usijibu haraka haraka ili uonekane unajua. Jibu taratibu, mwache naye asikie maneno, aulize "sasa hii maana yake nini?" Ukiweza kumfafanulia fundi wa magari namna figo zinavyochuja damu mpaka akaelewa, swali hilo limekwisha, Novemba litakuja limevaa nguo nyingine utalitambua. Na usishangae yeye akifananisha figo na chujio la mafuta kwenye injini. Mwache. Andika mfano wake pembeni ya jibu.

Nisikilizie ulivyoendelea, uniandikie kabla ya mtihani. Wasomaji wengine mnaosoma mkiwa na familia, nanyi niandikieni mnavyogawana saa za nyumba zenu. Ile mada ya nyumba ndogo bado ipo, sijaisahau. Tukutane mwezi ujao.